Moyo Dhaifu na Sahani ya Mgonjwa



Ndugu zetu wasomaji, wake kwa waume, mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililotufika mlangoni, nalo ni chakula cha mtu mwenye maradhi ya moyo. Sisi si matabibu. Sisi ni walimu wa chuo cha Qur'ani, na elimu yetu ya shule ni ile ya msingi tu. Lakini tumekaa kando ya kitanda cha mgonjwa muda wa kutosha, na tumewauliza waganga wa hospitali maswali mengi hata wengine wakachoka nasi. Tuliyoyajua twaona si haki kuyafungia kifuani.

Jirani yetu mmoja hapa Ujiji, mzee aliyepita miaka sitini na ambaye ujana wake wote aliumaliza katika uvuvi wa usiku, alianza kwa kuvimba miguu. Asubuhi viatu vyamtosha, jioni havimwingii. Ukimbonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, pahali pale palibaki shimo kama katika unga uliokandwa. Kisha pumzi ikaanza kumpungukia. Akitoka ziwani kupanda nyumbani hupumzika mara tatu njiani, na usiku hawezi kulala chali, sharti awekewe mito aegemee kama mtu aliyeketi. Watu wakasema mengi. Wako waliosema amekanyaga kitu kilichotegwa njiani. Wako waliosema ni baridi ya ziwa iliyomwingia mifupani. Tulimsomea, na kumsomea mgonjwa ni jambo jema, walakini hakuna aliyeamrishwa kwamba akisomewa basi asiende kwa daktari. Zikapita wiki nyingi kabla hajafikishwa hospitali, na huko ikajulikana kwamba moyo wake umedhoofika kwa shinikizo la damu la miaka mingi, ambalo yeye mwenyewe hakulijua.

Akapewa dawa, na miongoni mwake ile ya kukojoza maji yaliyozidi mwilini, iitwayo furosemaidi, ambayo watu wengi huijua kwa jina la Lasix. Maji yakatoka, miguu ikarudi, mzee akalala usingizi, akaonekana tena msikitini. Akaambiwa apunguze chumvi.

Hapo ndipo kosa lilipoanza, nasi twasema ni kosa letu sote, maana sisi tunaoandika ukurasa huu tulikuwamo. Watu wa nyumba ile, kwa mapenzi yao makubwa, waliondoa chumvi. Kisha wakaondoa dagaa, kwa kuwa dagaa na chumvi kwao ni kitu kimoja. Kisha wakaondoa maharage, kwa kuwa yanajaza tumbo gesi na mgonjwa pumzi yake ni fupi. Wakaondoa karanga na mawese, kwa kuwa walisikia mafuta ni adui wa moyo. Nyama ilikuwa haipatikani mara kwa mara, basi nayo ikaondoka bila ya kufukuzwa. Kilichobaki ni uji mweupe wa sembe asubuhi, ugali wa muhogo kwa mchuzi mwembamba mchana, wali mweupe usiku, na chai ya rangi iliyokolea saa zote. Mtoto wake wa kike alipotuuliza rai yetu tulimjibu kwa ujuzi wa mtu asiyejua: "Mpeni vyakula vyepesi."

Baada ya miezi kama minne hivi mzee akaanza kulalamika kwamba nyayo zinamwaka moto na vidole vimekufa ganzi. Ndama za miguu zikalegea, akawa hainuki kitini ila kwa kushikwa. Moyo ukawa wapiga mbio naye amekaa. Na ule uvimbe ukarudi, ijapokuwa hakukosa kidonge hata siku moja. Twakiri kwamba tulidhani dawa zimekwisha nguvu, au mzee zimebaki siku chache.

Daktari aliyempokea safari hii alikuwa binti mdogo kwa umri. Baada ya kumsalimu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Babu, unakula nini?" Mzee akamtazama bintiye, na yule binti akaanza kutaja kimoja kimoja. Kwa kadiri alivyokuwa akitaja, tuliuona uso wa daktari ukibadilika. Alimpima kama ilivyo desturi, kisha pamoja na dawa zake za zamani akampa sindano za vitamini B1. Siku chache hazikupita, mbio za moyo zikatulia na uvimbe ukapungua. Ile ganzi ilichukua wiki nyingi zaidi. Moyo wenyewe haukupona, maana uliochakazwa na shinikizo umekwisha chakaa. Lakini tulikuwa tumeuongezea njaa juu ya uchovu.

Sasa tuieleze vitamini hiyo. Waganga waiita thiamini. Moyo ni kiungo kisichopata mapumziko tangu mtu akiwa tumboni mwa mamaye, na kwa kazi hiyo wahitaji moto mwingi. Kuni zake ziko katika vyakula vyetu: wanga wa ugali, wali, viazi na sukari. Lakini wanga hauwi nguvu mwilini bila ya thiamini, kama vile jiko lililojaa mkaa lisivyoivisha chungu asipokuwapo wa kuliwasha. Thiamini ikikosekana, mishipa ya damu hulegea na kupanuka, moyo hupiga mbio kujaribu kuijaza, maji husimama miguuni na mapafuni, na mwisho moyo hushindwa. Mwili hauwezi kuitengeneza. Akiba yake yote kwa mtu mzima ni kama miligramu 30 tu, na asiyekula chakula chenye vitamini hiyo, akiba hiyo hufifia katika muda wa wiki mbili au tatu. Mahitaji ya kila siku ni kidogo mno: miligramu 1.2 kwa mwanamume, 1.1 kwa mwanamke, na 1.4 kwa mjamzito au anayenyonyesha. Kidogo hicho kikikosekana hakuna kitu kingine kiwezacho kushika nafasi yake. Maradhi yake huitwa beriberi, nayo ni namna mbili: iko kavu, ishikayo mishipa ya fahamu na kuleta ganzi, na iko ya maji, ishikayo moyo.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya vitabu vya zamani. Mwaka 2009 majeshi ya Umoja wa Afrika yaliyokuwa Mogadishu, Somalia, yalikuwa ni ya Waganda na jirani zetu Warundi, vijana ambao baadhi yao kwao ni mwambao huu huu wa Tanganyika, mwendo mfupi kaskazini ya Kigoma. Vijana wale, wenye afya ya kubeba silaha juani, wakaanza kuvimba miguu, kuhema, na mioyo kuwapiga mbio. Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010 walihesabiwa askari 241 wenye dalili hizo. Wanne au zaidi walikufa, na zaidi ya hamsini walichukuliwa kwa ndege kwenda hospitali za Kenya na Uganda. Katika waliolazwa Kenya walikuwamo ambao upande wa kulia wa moyo ulikuwa umeshindwa kazi. Waganga walipima damu wakitafuta kijidudu, wakatafuta sumu, hawakuona. Walipochunguza chakula ndipo ikaonekana kwamba walioshikwa khasa ni wale waliokula chakula cha jeshi peke yake, bila ya kupata chochote cha kununua mjini, na ambao vituo vyao vilikuwa karibu mno na adui hata hawawezi kutoka. Wakapewa thiamini, na wagonjwa wakainuka kwa haraka iliyowashangaza watu. Kisha wakapewa hata wazima, na vifo vikakoma. Kijana mwenye bunduki na mzee wetu mwenye mito walikuwa na ugonjwa wa chanzo kimoja: sahani iliyojaa isiyokuwa na kitu ndani.

Na mwaka 2004, katika kisiwa cha Mayotte, kwa ndugu zetu wa Visiwa vya Ngazija, watoto wachanga 32 walishikwa na beriberi, na 20 wakafa. Watoto hao walikuwa wakinyonya, wala hakuna mama aliyekuwa mzembe. Mama akiishi kwa wali mweupe, maziwa yake hayana thiamini, na mtoto wa miezi miwili mitatu hana akiba ya kujitetea. Moyo wake hushindwa kwa siku chache, pengine kwa saa. Twamwomba kila mume mwenye mke aliyejifungua alifikirie jambo hili anapokwenda sokoni Mwanga na kapu lake, kwa kuwa ziko desturi za arubaini katika baadhi ya nyumba zetu zinazomnyima mzazi maharage na karanga, na kumwachia uji na chai.

Aliyeanza kuifungua siri hii alikuwa daktari wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, katika kisiwa cha Java, nchi ya Waislamu wenzetu, miaka ya 1890. Kuku wake walilegea miguu walipolishwa wali mweupe wa hospitali, wakainuka walipopewa mchele usiokobolewa. Mwaka 1929 alipewa tuzo ya Nobel. Yule aliyekula pumba, au wishwa kama wasemavyo watu wa pwani, ndiye aliyepona!

Sasa turudi kwa wagonjwa wa moyo. Wao wana mlango wa pili ambao vitamini hutokea, na mlango huo ni dawa yenyewe. Thiamini huyeyuka katika maji, basi dawa ya kukojoza inapoyatoa maji huitoa nayo. Na mgonjwa wa moyo mara nyingi hana hamu ya kula, tumbo limejaa maji, chakula hakisagiki vizuri. Chaingia kidogo, chatoka kingi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006 kutoka Toronto, Kanada, katika wagonjwa 100 wa moyo waliolazwa, uliona kwamba 33 walikuwa na upungufu wa thiamini, na katika watu wazima wa afya ni 12 kwa kila 100. Na huko ni Kanada, ambako unga wa ngano huongezwa vitamini hiyo kwa sheria.

Hapa kwetu Tanzania waganga wa Muhimbili wamefanya kazi kubwa juu ya wagonjwa wa namna hii. Uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba sababu ya kwanza ya moyo kushindwa ni shinikizo la damu, watu kama 45 katika kila mia. Mwaka uliofuata wakaeleza kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wao walikuwa na upungufu wa damu, na karibu nusu walikuwa na upungufu wa madini ya chuma, na wenye upungufu huo hali zao zilikuwa mbaya zaidi. Chuma si vitamini, lakini vyakula vinavyokileta vyakaribia kuwa ndivyo vilevile tulivyomnyima mzee wetu. Twalitaja hili ili asije mtu akasema, "Basi moyo ni vitamini tu." Hasha. Wengi miongoni mwa wagonjwa wa moyo waliupata ugonjwa kwa shinikizo, au kwa homa ya baridi yabisi iliyoharibu vizibo vya moyo utotoni, au wanawake kwa uzazi. Vitamini haiyaondoi hayo. Na asiache mtu dawa ya kukojoza eti kwa kuwa yatoa vitamini. Akiiacha atazama katika maji yake mwenyewe, na wiki haitapita.

Basi tuingie jikoni, maana huko ndiko vita vilipo.

La kwanza ni unga. Sembe jeupe lapendeza machoni, lakini thiamini ya mahindi iko katika ganda na kiini, vyote viwili vimebaki mashineni na kupewa nguruwe na kuku wa watu. Dona ni bora. Mchele uliokobolewa mara moja, wenye wekundu kidogo, ni bora kuliko ule unaong'aa kama lulu. Muhogo ni chakula chetu cha asili, wala hatuwaambii Wamanyema na Waha wa Kigoma wauache, wasije wakatufukuza mjini. Lakini muhogo una thiamini kidogo tangu shambani, na kuloweka kunaiondoa nyingine. Kuloweka kwenyewe ni lazima, khasa kwa muhogo mchungu, kwa ajili ya ile sumu yake. Kwa hiyo unga wa muhogo uchanganywe na dona, na pembeni yake pawe na kitu cha kuufidia.

Kitu hicho ni maharage, kunde, njugu na karanga zisizotiwa chumvi. Sasa sikilizeni khabari ya magadi. Wengi wetu huyatia katika maharage ili yaive upesi, kwa kuwa mkaa ni ghali. Magadi huiua thiamini. Mwanamke aweza kupika sufuria nzima ya maharage mazuri na kumpakulia mgonjwa maharage yasiyokuwa na ile aliyoikusudia. Na juu ya hayo magadi ni chumvi ya namna yake, yaani yana ile sodiamu aliyokatazwa mgonjwa. Dawa yake ni rahisi: yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale ya kulowekea, ambayo ndiyo yenye gesi nyingi, kisha yapike kwa maji mapya, na hayo ya kupikia usiyamwage, yawe mchuzi.

La chumvi lina mambo yake. Watu wa mkoa huu tumeishi na chumvi ya Uvinza tangu kale, chemchemi zake zilikuwa zikichemshwa mamia ya miaka kabla ya treni kufika Kigoma, na ulimi wetu umefundishwa kuipenda. Mgonjwa wa moyo lazima apungukiwe nayo. Lakini kukatazwa chumvi si kukatazwa samaki. Dagaa waliokaushwa juani mwaloni bila chumvi, kama wa Kibirizi, wakioshwa vizuri kwa maji ya moto kuondoa mchanga, ni chakula chake, na huliwa na vichwa vyao na mifupa yao. Watampa chuma na vitamini B12. Migebuka mibichi nayo ni chakula chake. Aliyetiwa chumvi ili asioze ndiye wa kuepukwa, na kama hapana mwingine basi alowekwe, maji yamwagwe, yabadilishwe. Utamu utafuteni katika ndimu, vitunguu, nyanya, tangawizi na pilipili. Vile vidonge vya mchuzi vya dukani ni chumvi iliyovaa kanzu nyingine. Na mawese kidogo katika sombe hayana ubaya wa kumfanya mtu ale sombe kavu. Ule wekundu wake ni vitamini A kwa watoto wa nyumba nzima. Tumesema kidogo.

Mwaka 2024 nchi nne za ziwa hili zilikubaliana kulifunga lipumzike, na kwetu uvuvi ulisimama kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi ile ilitufundisha jambo. Nyumba iliyokuwa ikitegemea dagaa peke yake ilirudi kwenye ugali na mboga ya majani, lakini nyumba iliyozoea kunde na karanga haikutikisika sana. Mwenye mgonjwa asiweke matumaini yote katika kitoweo kimoja.

Chai tumeigusa, twairudia. Chai ya rangi iliyokolea, ikinywewa pamoja na chakula, huizuia thiamini na huzuia chuma kuingia damuni. Mzee wetu alikuwa akinywa vikombe sita. Sasa anakunywa viwili, vyepesi, saa moja au mbili baada ya kula, na manung'uniko yake twayasikia hadi msikitini. Isitoshe, vikombe vile navyo ni maji, na daktari humpa mgonjwa kiasi cha maji ya siku.

Enyi vijana, msiupite ukurasa huu mkidhani ni wa wazee. Wanga mwingi na sukari nyingi huidai thiamini zaidi, na kijana ashindaye kwa soda, mandazi na wali mweupe anaikopa akiba yake. Na ulevi, pamoja na uharamu wake tunaoujua, huzuia vitamini hii isiingie mwilini na huudhoofisha moyo kwa njia zake nyingine. Katika hospitali za nchi nyingi walevi ni miongoni mwa wa kwanza kwa upungufu huu.

Kuna mambo ambayo jiko halitoshi, lazima mtu aseme na daktari wake. Mwenye kizibo cha moyo kibovu au aliyewekewa cha bandia huenda anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Majani mabichi kama sombe, mchicha na matembele yana vitamini K, ambayo huipinga dawa hiyo. Haimaanishi asiyale. Maana yake ale kiasi kilekile wiki kwa wiki, asikae bila mboga mwezi mzima kisha akala sufuria kwa siku tatu mvua zikinyesha. Na akibadilisha chakula chake amwambie anayempima damu.

Vivyo hivyo msikimbilie dukani kununua vidonge. Twajua wako wanaopita na chupa za rangi wakisema zaponya moyo. Vitamini E iliwahi kusifiwa hivyo. Lakini uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2005 uliona kwamba waliokunywa vidonge vyake vya nguvu kwa miaka mingi, moyo kushindwa ulizidi kwao kuliko kwa wasiokunywa. Vitamini D nayo ilipimwa Marekani kwa watu zaidi ya 25,000, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 hayakuonyesha kwamba yazuia maradhi ya moyo. Hata thiamini, kwa mgonjwa asiye na upungufu, majaribio hayakukubaliana kwamba yaongeza nguvu ya moyo. Mwenye upungufu ndiye aliyeinuka. Nani mwenye upungufu, hilo ni la daktari kulitambua, na kazi yetu sisi wa nyumbani ni kumwambia ukweli wote wa sahani yetu, bila ya kuona haya kwamba wiki nzima tulikula muhogo.

Neno la Ramadhani. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul-Baqara, wala hakuna ushujaa katika kuikataa. Wagonjwa wa moyo hawalingani: yuko ambaye daktari wake atamruhusu kufunga kwa kumpangia upya saa za dawa, na yuko ambaye kufunga kwake ni khatari ya roho. Aulize mapema, mwezi wa Shaabani, asingoje mwezi uandame. Tumewahi kumwona mtu aliyeihamisha dawa ya kukojoza kwa rai yake mwenyewe, akaimeza usiku baada ya tarawehe, na asubuhi akaanguka kwa kizunguzungu.

Mzee wetu leo yu hai. Bintiye amenunua mizani, na kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula humpima baba yake na kuandika katika daftari la mjukuu. Akiona uzito umepanda kilo mbili ndani ya siku tatu, hangoji miguu ivimbe, humpeleka hospitali. Usiku maharage yalowekwa katika bakuli karibu na mlango, na magadi yamehamia nyumba ya pili. Juzi tulipokwenda kumtazama alituvuta kanzu, akatuomba kwa sauti ya chini tumletee kidogo chumvi ya Uvinza ndani ya karatasi, bintiye asijue. Tukacheka, tukakataa, akatununia mpaka adhana ya Alasiri.

Mwezi ujao, inshallah, tutajibu barua za wasomaji juu ya mtoto anayekataa chuo.

Wassalaamu alaykum.